Kizibo Kilichobaki Koponi

Skola mwenzangu,

Najua utacheka. Mimi Domi, ambaye ukinitumia ujumbe wa simu nakupigia ili nisiandike, leo nimefunga chumba cha kushonea mchana kweupe na kushika kalamu. Wateja wa sare za shule nimewaambia nina udhuru. Daftari lenyewe ni lile la vipimo, kwa hiyo usishangae ukigeuza karatasi ukakuta kiuno cha mke wa mwenyekiti wetu. Usimwambie mtu, kimeongezeka.

Nina habari njema, na nina kosa la kukiri. Naanza na habari njema ili usininunie mapema.

Klabu yetu ya mbio haijafa. Siku ile ya mwisho pale wodini nilipokuletea uji, ulinishika mkono ukasema, "Domi, watu wasiachane njiani." Nilidhani homa imekupanda. Nikakuitikia ndiyo, ndiyo, kunywa uji. Baadaye ndipo nilipojua kwamba wewe ulikuwa na akili zako zote, mimi ndiye zilikuwa zimeniruka. Basi nakuambia leo: hawajaachana. Ila ilibaki kidogo sana.

Mazishi yako ungeyaona, mwenzangu. Najua ulikuwa hutaki makubwa. Tulivaa fulana za njano za klabu juu ya vitenge, wanaume juu ya suruali zao za kanisani, na tulipotoka misani kwenda makaburini tukajikuta tumejipanga wawili wawili, upande wa kulia wa barabara, tukitazamana na magari yanayokuja, Bosko mbele na kitambaa chekundu. Hakuna aliyetuambia. Hata kwenye msiba wako tulifuata sheria zako. Padri aliuliza kama sisi ni chama cha kitume. Nililia, nikacheka, nikalia tena. Na Bosko, yule jeuri wetu wa bodaboda, kijana anayejifanya hana machozi, alilia mpaka nikampa upande wa khanga yangu apenge.

Sasa tuje kwenye kopo.

Wewe ulikuwa hupendi kusimulia lilivyoanza, kwa kunisitiri. Leo sioni aibu tena, acha nikukumbushe mwenyewe. Mwaka ule wa kwanza klabu ilikuwa ni kukimbizana tu. Mwenye miguu aliondoka, asiye na miguu shauri yake. Jumamosi yangu ya kwanza nilikuja nimekula wali wa jana, sahani imejaa, maana niliambiwa mkimbiaji anahitaji nguvu. Nilipokaribia Lipangalala kichomi kikanibana ubavu, nikakaa chini kando ya shamba la mpunga. Nikajisemea, watanirudia. Nani arudi? Mlifika pale mashine ya kukoboa mpunga, mkanywa chai ya tangawizi, mkapiga picha, mkasema tumefika wote. Wote gani, na mimi nimekaa na vyura? Vijana wa baiskeli za samaki wananipita na matenga yao, wananiambia, "Shikamoo mama," naitikia marahaba huku nimeshika ubavu. Ni wewe uliyekuja na baiskeli ya pale mashineni, saa nzima imepita, macho yamekutoka. Hukuniambia hata pole. Ulisema, "Panda. Hili halitatokea tena."

Jumamosi iliyofuata ukaja na kopo la maziwa ya unga na mfuko wa vizibo vya soda. Pale mashineni kwako ndivyo mlivyokuwa mkihesabu magunia miaka yote. Mbebaji akipita na gunia begani anadondosha kizibo koponi, jioni hakuna ubishi. Ukasema, kama gunia la mpunga linahesabiwa, mtu je? Ukavigonga kwa nyundo vikawa bapa, ukampa kila mtu kimoja. Tunapoondoka, unatia chako. Tukirudi, unatoa kimoja. Kikibaki kizibo koponi, kuna mtu yuko njiani, na hakuna anayekunywa chai mpaka apatikane. Vyote vinafanana, hakuna cha mkubwa wala cha mdogo, hilo nalo ulilitaka hivyo.

Watu walicheka wakasema Skola ametufanya magunia. Na jina likashika. Mpaka leo klabu nyingine za hapa Ifakara zinatuita Magunia, na sisi tumeliandika mgongoni mwa fulana. Nililishona mimi.

Halafu ukashika mkia. Hapa kwetu kila mtu amefundishwa tangu shule kwamba kushika mkia ni fedheha, mzazi anaitwa, bakora zinafuata. Wewe uliushika mkia ukaufanya cheo. Ulikimbia nyuma ya watu wote na kitambaa chekundu na filimbi shingoni, na aliyechoka ulimwambia, "Usiogope kuwa wa mwisho, nafasi hiyo nimeshaichukua mimi." Kwa maneno hayo wanawake wangapi walirudi Jumamosi ya pili. Mimi ni mmoja wao.

Sheria zako nyingine nilizipinga karibu zote, unajua nilivyo mbishi. Masikio yawe wazi, hakuna kuziba kwa muziki wa simu. Ukipita nyumba yenye turubai la msiba, wimbo unakatika hapo hapo. Mkubwa wa umri umwamkie, lakini usisimame katikati ya barabara kuuliza habari za shambani. Lori likija, shuka pembeni, usibishane nalo, lori halina mjomba. Na ile ya kwamba mwili wa mtu si mada. Yule fundi redio alipotoa maneno juu ya makalio ya mama anayeuza maandazi, wewe hukumfukuza. Ulimwambia atakimbia mkiani pembeni yako mwezi mzima, kimya. Siku hizi hakuna mwanamume mwenye adabu kama fundi redio. Mpaka inachosha.

Lakini na wewe ulikuwa na yako, Skola. Mfuko. Nilikushonea suruali ya mbio yenye mfuko mzuri wa zipu, ukaniambia nifumue kwa sababu unakupiga paja. Nikafumua, huku nakusema. Tangu siku hiyo kizibo chako kikawa kinakaa mfukoni mwa sketi yangu pamoja na changu. Tukiwa tunaondoka, naingiza mkono, nachukua viwili, natia viwili. Tukirudi, unasimama nyuma yangu na kunyoosha kiganja, nami nakupa chako ukishike kidogo, unasema, "Nimefika," kisha unanirudishia. Miaka minne hivyo. Mkono wangu ulizoea mpaka ukawa hauniulizi tena.

Shika hilo la mfuko, nitalirudia.

Ulipoondoka, tulisimamisha mbio mpaka arobaini yako ipite. Kukaa bure kukazaa maneno. Bosko na vijana wenzake walikuwa wamealikwa bonanza kule Malinyi, wakataka mazoezi ya kasi. Wakaanza kwa kunong'ona, kisha wakaandika wazi kwenye kundi la simu: kila mtu akimbie mbio zake, kopo linatupotezea muda, kumngoja wa mwisho kunapoza misuli. Bosko akaandika, "Marehemu tunamheshimu, lakini hatuwezi kukimbia na kopo maisha yote." Nilimjibu. Nilichomjibu sikiandiki humu, daftari hili lina sare za watoto wa shule. Mwenyekiti akakata shauri: Jumamosi ya kwanza baada ya arobaini tukimbie kama kawaida, tukirudi tukae kikao, tupige kura kopo libaki au liondoke. Mimi nikakabidhiwa filimbi yako kwa siku hiyo moja.

Wiki ile nilishona suruali moja miguu yote miwili ikawa ya kushoto. Nilikuwa nawahesabu watu vidoleni, huyu ataunga mkono, yule hataunga, na kila nikihesabu tulikuwa tunashindwa. Nikaona kabisa neno lako la wodini linavyonifia mikononi.

Jumamosi ikafika. Masika yalikuwa yametoka kuisha, mifereji imejaa, ukungu umelala juu ya mpunga mpaka huoni mtu hatua hamsini. Tukatia vizibo, tukaondoka kwa mchakamchaka, mimi nyuma kabisa na filimbi yako. Niligeuka mara mbili tatu kutazama nyuma kama ulivyonifundisha. Sikuona mtu. Tulifika Lipangalala, tukageuza, tukarudi kwa njia ya pili, na mimi nilikuwa naomba moyoni kwamba kwenye kura angalau fundi redio asinigeuke.

Pale mashineni kila mtu akatoa kizibo chake. Bosko alikuwa na haraka ya kikao. Akainua kopo alitikise kuonyesha kwamba ni tupu, likalia. Kizibo kimoja kilikuwa ndani.

Tukaanza kuulizana. Mama wa maandazi yuko wapi? Huyu hapa. Mwenyekiti? Anavua viatu. Fundi redio? Yupo, anawapisha watu. Kila aliyetajwa alikuwepo, na kizibo kilikuwepo. Bosko akasema, "Kuna mtu ametia viwili kwa bahati mbaya. Tuendelee na kikao."

Skola, nilimrukia. Nikamwambia ni mtu gani mzima na akili zake atatia vizibo viwili, mtoto wa chekechea? Nikamwambia kopo la Skola halijawahi kusema uongo. Nikasema hakuna chai, hakuna kikao, hakuna kura, watu wote barabarani. Na kwa kuwa sufuria ya chai nilikuwa nimeisimamia mimi na upawa mkononi, walinifuata.

Tulirudi tukiwa tumetandaa pande mbili za barabara, napiga filimbi, tunanyamaza, tunasikiliza, kama ulivyotufundisha. Bosko alikuwa anakimbia mbele akinung'unika. Ni yeye aliyesikia kwanza. Kabla tu ya Lipangalala, pale pale karibu na nilipokaa na vyura wangu, sauti ilikuwa inatoka mferejini ikimwita Mola.

Alikuwa Mzee Athumani wa duka la vifaa vya ujenzi. Ndiyo, huyo huyo. Yule aliyekuwa anakaa barazani kwake kila Jumamosi na kahawa yake akituuliza, "Nyie mnafukuzwa na nani?" Alikuwa amekaa kwenye tope, kanzu ameikunja kiunoni, na chini ya kanzu, Skola, suti ya michezo mpya kabisa, ya buluu, karatasi ya bei bado inaning'inia kwapani. Kifundo cha mguu kimevimba. Simu imeingia maji. Kitu cha kwanza alichotuambia ni, "Nilikuwa napita tu."

Anapita wapi, alfajiri, mferejini. Lakini hatukucheka wakati ule, maana mikono ilikuwa inamtetemeka na jasho linamtoka la baridi. Ana sukari, kumbe. Daktari alimwambia aanze mazoezi, naye akaona aibu kuonekana na watu aliowadhihaki. Akatusubiri tupite kwake, akaunga kwa mbali nyuma ya ukungu, tumbo tupu. Bodaboda mbili zilimpita zikipiga muziki, hazikumsikia. Bosko akatoa pipi mfukoni, akamtia mdomoni kwa mkono wake mwenyewe kama anamlisha mwanawe, kisha wakasimamisha pikipiki iliyokuwa inapita, wakambeba mpaka zahanati, mzee katikati. Mganga alisema tungekawia kidogo tu, habari ingekuwa nyingine.

Sisi tulisubiri. Hakuna aliyekunywa chai. Saa tatu na nusu wakarudi naye, mguu umefungwa bandeji, rangi imemrudia na maneno pia, analalamika suti yake. Akauliza, "Mlijuaje kama niko kule?" Bosko akamjibu taratibu, "Kopo lilisema." Akalichukua kopo, akatoa kile kizibo, akamtia mzee kiganjani. "Chako hiki, mzee wangu. Umefika." Halafu akanigeukia akasema kikao cha nini tena, tunywe chai. Kura haikupigwa. Nilifurahi, Skola, nilifurahi mpaka nikamimina chai nje ya kikombe.

Nilifika nyumbani naimba. Nikaingiza mkono mfukoni nivishike vile vizibo viwili, kama ninavyofanya kila nikikukumbuka.

Kilikuwemo kimoja.

Nikakaa kitandani na sketi mkononi. Nikageuza mfuko nje ndani. Ndipo nikaelewa. Asubuhi mkono wangu ulikuwa umetia viwili, kama ulivyozoea. Wakati wa kurudi hapakuwa na kiganja chako nyuma yangu, mkono ukatoa kimoja. Bosko alikuwa amesema kweli tupu, na mtoto wa chekechea nilikuwa mimi. Aliyebaki njiani kwa hesabu ya kopo alikuwa wewe. Sisi wote tuliacha chai tukakimbia kwenda kukutafuta wewe, tukamkuta Mzee Athumani. Pale ndipo nilipolia kilio changu chenyewe, kile ambacho makaburini nilikikimbia. Nilikulilia mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa sikiliza kosa langu. Sikusema. Wiki mbili nzima sikusema. Watu wakinikuta sokoni wananiita Skola wa pili, mama wa maandazi ananiongezea andazi la bure, na mimi napokea sifa zile naweka tumboni pamoja na maandazi. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili yako. Nikisema, Bosko atasema si niliwaambia, kura itarudi, na kopo litaondoka. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba sifa ni tamu.

Jumatatu moja Mzee Athumani akaingia hapa chumbani kwangu na mkongojo wake, kisingizio kitambaa cha kanzu. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Akakohoa. Kisha akaweka kizibo juu ya meza ya cherehani. "Mama Pendo," akasema, "mimi siku ile sikutia kizibo. Niliunga nyuma yenu kama mwizi. Huyu aliyenitilia ni nani?"

Ningeweza kudanganya. Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni. Lakini kile kizibo kilikuwa kinanitazama, nikamweleza yote, mfuko, suruali, kiganja, yote. Akasema, "Mungu akitaka kukusitiri hakosi sababu. Mwambie rafiki yako Mwenyezi Mungu amrehemu, amenitoa mferejini." Nikadhani yamekwisha. Kumbe mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Akaongeza, "Lakini mwanangu, mimi nina mizani dukani ya kupimia misumari. Mizani ikikosea, hata ikikosea kwa kunifaa mimi, ni mbovu. Kopo lenu nalo ni mizani, na siku ile ilikosea mara mbili, kwako na kwangu, ikatoka sawa. Atakayeanguka kesho hatapata bahati hiyo."

Unaona alivyo. Anakuja kushona kanzu, anakuachia usiku wa kugeukageuka.

Jumamosi, baada ya chai, nikasimama. Nikawaambia kizibo kilichobaki kilikuwa chako, nimekitia mimi, na Bosko alikuwa na haki. Nikamwomba Bosko radhi mbele ya watu. Halafu mama wa maandazi akauliza, "Kwa hiyo siku ile tulikuwa tunamtafuta Skola?" Nikasema ndiyo. Akaanza kucheka. Fundi redio akafuata. Mwenyekiti alicheka mpaka akashika ukuta. Tulicheka wote, machozi yanatoka, na katikati ya kile kicheko wengine walikuwa wanalia kweli, na hakuna aliyeona haya.

Bosko peke yake hakucheka. Nikasema basi, leo ndiyo mwisho wa kopo.

Akasimama. Akasema, "Mama Pendo ametia viwili, na mzee hakutia hata kimoja. Kwa hiyo ubaya si kopo. Ubaya ni kwamba sisi tunaliacha hapa na chai, tunaondoka." Akalichukua kopo, akatoboa matundu mawili kwa msumari, akapitisha kamba, akajifunga kiunoni. Akasema kopo litembee na mkia. Anayeunga njiani, awe ameona haya, awe amechelewa, atamkuta mkia na atapewa kizibo atie hapo hapo. Tutahesabu na vichwa, kutoka na kurudi. Na mkia usishikwe na aliyechoka. Ushikwe na mwenye mbio kuliko wote, ili mtu akianguka nyuma amfikie haraka. "Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Na Mama Pendo tupokezane, kwa sababu ya mdomo."

Skola, yule ndiye aliyetaka kopo life. Nilitaka kumkumbatia, nikamsonya tu, asije akavimba kichwa.

Ungesikia mji unavyoamka sasa siku ya Jumamosi. Kopo linakwenda kwa sauti kiunoni mwa Bosko, kacha kacha kacha, mbwa wanabweka, watoto wanatoka milangoni na mswaki mdomoni, vijana wa samaki wanatupisha na matenga yao. Mazoezi ya kasi Bosko na vijana wenzake wanafanyia Jumatano, wao kwa wao, na kule Malinyi kwenye bonanza walishika nafasi ambayo sitaitaja kwa heshima yao. Lakini wenyeji walituuliza sana habari za kopo, na nasikia sasa wanalo lao, la rangi. Wametuiga hao.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nifunge duka.

Mzee Athumani alijiandikisha rasmi, akahitaji kizibo. Vipya vipo, mfuko mzima. Lakini kile cha kwako kilikuwa kimerudi mfukoni mwangu tangu alipokiacha mezani, na kila Jumamosi mkono wangu ulikuwa unakigusa, na kila Jumamosi nilikuwa naogopa utakitia tena. Kopo linalomhesabu asiyekuwepo haliwezi kumlinda aliyepo. Nilijua hivyo, na bado sikutaka. Nilikaa nacho siku nyingine nne. Kisha nikaenda dukani kwake, nikampa. Alikipokea kwa mikono miwili. "Hii ni amana," akasema, na akakitia kwenye mfuko wa suti ya buluu. Ule mfuko nimeuongezea zipu mwenyewe.

Yeye hakimbii, usije ukadanganywa. Anatembea, polepole, na kofia yake ya kiua, na ndiye wa mwisho kila wiki. Bosko anatembea nyuma yake na kopo, wanabishana mpira mwanzo hadi mwisho.

Jumamosi iliyopita tulifika, tukawasubiri. Kopo tukalisikia kabla hatujawaona. Bosko akalifungua kiunoni akaliweka juu ya gunia, kila mtu akatoa chake, mimi nikatoa changu. Mzee alikuwa amekaa anatweta, anasema tangulieni, tangulieni. Nikachungulia ndani. Kilikuwa kimebaki kimoja. Nilijua ni cha nani, na bado mkono wangu wa kulia ukafanya ulivyozoea, ukaanza kushuka koponi kukutolea. Nikauzuia. Nikarudi nyuma hatua moja.

Mzee Athumani akainuka, akaingiza mkono, akakitoa, akakishika. Wala hakuna aliyemfundisha. Akasema, "Nimefika."

Bosko akaligeuza kopo juu chini, akalitikisa. Hakikudondoka kitu.

Nakuahidi, Skola, nikishika mkia nitatazama nyuma mara mbili, na ya tatu kwa ajili yako. Nakuahidi hakuna atakayekaa na vyura tena wakati mimi nina filimbi. Na nakuahidi kwamba sitakutia tena koponi, kwa sababu wewe si mtu aliyebaki njiani. Nilichelewa kulijua hilo, unisamehe.

Umefika, mwenzangu. Sisi tulio nyuma tunakuja, taratibu, wawili wawili, upande wa kulia. Chai tumekunywa.

Wako,
Domi